Usiku wa Ijumaa Kwenye Karatasi ya Hesabu

Siku yangu ya kwanza ya kutunga maswali nilichukuliwa simu mlangoni, nikapewa penseli na kifutio, nikaonyeshwa kiti. Chumba kilikuwa ghorofani, mtaa wa Gerezani jirani na Kariakoo, juu ya karakana ya kunyoosha bodi za magari, na nyundo ziligonga chini ya miguu yetu kutwa nzima. Nilikuwa nimeshafundisha hesabu shule za msingi kwa miaka mingi. Elimu yangu ni kidato cha nne na cheti cha ualimu, zaidi ya hapo sina. Nilitoka Masasi kijana, nikapangiwa Ilala, nikazeekea humu mjini. Kwa hiyo nilipoitwa kwenye kamati ya mtihani wa pamoja, ule ambao shule kadhaa za katikati ya jiji zilikuwa zikiwapa watoto wa darasa la sita kabla ya kuwavusha kwenda la saba, niliona nimefika. Mtoto aliyefaulu alivuka, aliyeanguka alirudia darasa. Kazi yetu ilikuwa kuutengeneza mlango huo.

Mratibu wa Mitihani, mkubwa wetu pale, alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ndogo ambaye sikuwahi kumsikia akifoka. Asubuhi ile aliniambia nitunge swali moja tu, lolote nitakalo. Nikaandika kwa mbwembwe: barabara ina urefu wa mita mia moja, imepandwa miti kila baada ya mita tano, je, ipo miti mingapi? Akalisoma, akaniuliza:

“Mti wa kwanza uko wapi?”

Nikasema uko mwanzoni mwa barabara. Akauliza mtoto ameambiwa wapi kwamba uko hapo. Mti ukiwa mwanzoni kabisa, miti ni ishirini na mmoja. Ukianza baada ya mita tano, ni ishirini. Na kama imepandwa pande zote mbili? Alinirudishia karatasi yangu taratibu.

“Mwalimu Chilumba, swali zuri ni lile ambalo mtoto akilikosa, kosa ni la mtoto. Hili akilikosa, kosa ni lako.”

Wenzangu watatu wa mezani walicheka. Mmoja akaninong'oneza nisijali, maana yeye siku yake ya kwanza alimfanya Asha wa swali lake awe mkubwa kwa umri kuliko mama yake mzazi.

Nyie mnaoingia kwenye kazi hii sasa mmekuta kompyuta na semina za hotelini, lakini misingi haijabadilika. Swali lina shina, yaani maneno yanayoeleza jambo lenyewe kabla ya kuuliza. Swali la kuchagua lina vipotoshi, yaani majibu yasiyo sahihi, na kipotoshi hakitungwi ovyo. Kila kimoja lazima kitokane na kosa ambalo mtoto anaweza kulifanya kweli. Kisha kuna maswali ya njia, ambayo mtoto anaonyesha hatua zake na kupewa alama hata kama jibu la mwisho limemponyoka. Namba zenyewe hazikuwa zikitusumbua. Tulisumbuliwa na maneno. “Amina ana maembe mara tatu zaidi ya Ali.” Je, ni mara tatu au mara nne? Tulibishana mpaka chakula cha mchana kikapoa, mwishowe tukalifuta neno “zaidi”. Kutoka tarehe tano mpaka tarehe tisa ni siku ngapi? Mgonjwa wa hospitali anahesabu tano, na mwenye nyumba ya kulala wageni anahesabu nne. Nilijifunza kuyaogopa maneno mafupi.

Kwa sababu hiyo Mratibu alikuwa na sheria moja aliyoisimamia kuliko zote, nayo ni kujaribisha. Swali jipya halikuingia kwenye mtihani mpaka mtunzi alipeleke katika shule mbili zisizoshiriki mtihani wetu, shule za mazingira tofauti, akae na watoto, aone wanavyolisoma. Si kuona kama wanapata. Kuona wanavyolisoma. Kisha anajaza taarifa na kutia saini. Miaka ya mwanzo niliifuata sheria ile kama sala. Nilitembea na maswali yangu kutoka shule hadi shule, nikawasikiliza watoto, nikarudi na kufuta. Siri ya kazi nzima ipo hapo, na mimi niliijua. Sikufanya niliyoyafanya kwa ujinga.

Mwaka ninaotaka kuusimulia nilikuwa nimeshazoea. Mtunzi aliyezoea ni mtu wa hatari, kwa sababu anaanza kuisikia sauti yake mwenyewe kichwani na kudhani ni ya watoto. Niliandika swali la muda, la njia, lenye alama nyingi. Nilitaka liwe la hapa hapa mjini, nikaandika hivi: “Lori la viazi liliondoka Makambako saa 3:00 usiku wa Ijumaa. Lilifika Kariakoo Jumamosi saa 4:00 asubuhi. Lilitumia muda gani njiani?” Jibu langu lilikuwa saa kumi na tatu. Nilikuwa nimeitega mitego miwili: kuvuka saa sita ya usiku, na kuhama kutoka usiku kwenda asubuhi. Nililipenda sana swali lile.

Nikalijaribisha shule ya kwanza, jirani na ninapokaa. Watoto walilisoma kama nilivyolisoma mimi. Shule ya pili ilikuwa upande wa Magogoni, na siku niliyopangiwa kwenda mvua ilikuwa imejaza maji barabara zote za katikati ya jiji. Nikaghairi. Kesho yake nikaona uvivu. Nikajaza taarifa ya shule mbili, ya pili nikiigeuzageuza kidogo ile ya kwanza ili zisifanane, nikatia saini. Mratibu aliniuliza watoto wa Magogoni wamelionaje swali. Nikamwambia hawakuwa na tatizo.

Mtihani ukafanyika, tukaingia kwenye usahihishaji. Tuliufanya wakati wa likizo katika ukumbi wa shule, meza kwa meza. Tuliuita usahihishaji wa mnyororo, maana kila meza ilisahihisha swali moja tu na karatasi zikahama kwenda meza inayofuata. Msahihishaji alitumia wino mwekundu. Kiongozi wa meza alipitia baadhi ya karatasi upya kwa wino wa kijani, kuona kama wenzake wanafuata mwongozo. Swali la lori lilikuwa la meza yangu na kiongozi nilikuwa mimi.

Juu yetu alikaa Mkuu wa Usahihishaji, mzee mnene aliyewahi kuwa mkaguzi wa shule, mcheshi, aliyekuwa akijisifu kwamba wizi wa mtihani anausikia harufu bahasha ikiwa bado imefungwa. Alitufundisha kitu alichokiita majibu pacha. “Majibu sahihi yote ni ndugu,” alikuwa akisema, “lakini kila kosa lina mama yake. Ukiona makosa chumba kizima yana mama mmoja, mtafute huyo mama.” Alikuwa na maana kwamba watoto wakikosa kila mmoja kivyake, hiyo ni kawaida. Wakikosa wote kwa jibu moja na njia moja, kuna mtu aliyewapa. Kanuni ile ilikuwa imeshawanasa wezi wa kweli, tena si mara moja. Wote tuliiamini.

Siku ya pili msahihishaji mmoja aliniletea bunda la shule iliyopo nyuma ya soko la Kariakoo. Akasema, kiongozi, hebu tazama maajabu. Karibu chumba kizima kilikuwa kimeandika saa thelathini na saba. Si jibu tu. Kila karatasi ilikuwa na mchoro uleule: mstari mrefu, juu yake siku zimeandikwa, na alama ya msalaba ikianzia upande wa Alhamisi. Katika shule nyingine jibu hilo lilikuwa limejitokeza hapa na pale, mtoto mmoja mmoja, nasi tuliliwekea sifuri bila kulifikiria. Hapa lilikuwa limesimama kama kikosi.

Nawaambia ukweli: nilifurahi. Nilibeba bunda lile mwenyewe hadi kwa Mkuu wa Usahihishaji. Alizipitia karatasi mbili tatu, akatikisa kichwa, akasema, “Chilumba, pua yako imekomaa.” Nikaandika taarifa ya udanganyifu, nikatia saini ya pili ya mwaka ule.

Mwalimu wa hesabu wa shule ile aliitwa Bi Mwanahawa, mwenyeji wa Gerezani toka kwa bibi na babu zake, mwembamba, mwenye kuvaa miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliitwa ofisini kwetu kujieleza. Tulikuwa wanne: Mratibu, Mkuu wa Usahihishaji, yeye na mimi. Aliulizwa kama aliwapa watoto majibu. Akasema hakuwapa. Akaulizwa ule mchoro. Akasema mchoro ni wake, anaufundisha mwaka mzima. Mtoto akichora mstari wa siku hababaiki na saa. Mkuu wa Usahihishaji akacheka kidogo, akamwuliza kama alifundisha pia lori liondoke Alhamisi. Bi Mwanahawa akamgeukia yeye, kisha akanigeukia mimi.

“Swali linasema usiku wa Ijumaa,” alisema. “Watoto wangu wanasoma chuo kimoja cha Kurani, pale nyuma ya msikiti. Kila Alhamisi jua likizama wanakaa kusoma Yasini, kwa kuwa ndiyo usiku wa Ijumaa umeingia. Kwetu siku inaanza magharibi. Usiku unatangulia, mchana unafuata. Lori limetoka Alhamisi usiku, limefika Jumamosi asubuhi. Hesabuni wenyewe kama si thelathini na saba.”

Nyundo za chini zilikuwa zikigonga. Kisha akaniambia mimi, bila hasira, kama jirani:

“Mwalimu Chilumba, wewe Ilala umekaa na Waislamu miaka yote hii. Wakikwambia hitima ni usiku wa Ijumaa, unakwenda lini?”

Nilikuwa nakwenda Alhamisi. Nilikwenda mara nyingi, nikala pilau, nikarudi nyumbani, kesho yake ikawa Ijumaa. Mimi Mkristo wa Masasi nilijua jambo hilo kama ninavyojua njia ya kwangu. Sikulikumbuka tu nilipokuwa na penseli mkononi, kwa sababu shuleni usiku ni wa siku iliyotangulia, na mimi nilikuwa mtu wa shule.

Nikamjibu, “Hapa tunazungumzia hesabu, Bi Mwanahawa, hatuzungumzii hitima.”

Mratibu alikuwa akinitazama. Naamini mpaka leo kwamba alikuwa tayari kulifuta swali, na watoto wote wa shule zote wangepewa alama zake. Alihitaji neno moja tu kutoka kwangu. Aliniuliza kwa ile sauti yake ndogo:

“Ulilijaribisha shule mbili. Upande wa Magogoni nako wamejaa watoto wa pwani. Hakuna hata mmoja aliyekuletea thelathini na saba?”

Kusema kweli kungekuwa ni kusema kwamba Magogoni sikwenda. Ningetolewa kwenye kamati siku ileile, na huenda hata kazini.

“Hakuna,” nikasema.

Basi ikaisha. Mratibu hakuwa na sababu ya kutoniamini. Kama watoto wa pwani wa Magogoni hawakulisoma hivyo, basi hawa wa Kariakoo walifundishwa. Matokeo ya chumba kile yalifutwa na watoto wakarudia darasa la sita. Bi Mwanahawa aliondolewa kufundisha hesabu, akapangiwa shule nje kabisa ya mji, akaona heri aache. Siku ile ya ofisini, wakati wa kutoka mlangoni, aliniaga kwa adabu zote, “Haya, kwaheri, mwalimu.” Heri angenitukana.

Niliendelea na kazi. Hilo nalo nalisema ili msije mkadhani niliugua au nilikosa usingizi. Nilitunga, nilisahihisha, nikapanda kuwa mkufunzi wa watunzi wapya. Nilikuwa nikiwafundisha kwa kutumia swali la miti na barabara, nao wakacheka kama nilivyochekwa. La lori sikuligusa. Mratibu alistaafu, baadaye Mkuu wa Usahihishaji akafariki, na mtihani wenyewe ukasitishwa. Nikabaki mtu pekee niliyejua kwamba Magogoni sikwenda.

Nilipostaafu, kazi ilipoacha kunishika mikono, ndipo jambo lile likaja kukaa nami. Nilimtafuta Bi Mwanahawa. Haikuwa kazi ngumu. Yupo palepale Gerezani, anafundisha tuisheni uani kwake, na watoto bado wanachora mstari. Nilimweleza yote, na ya Magogoni. Alinisikiliza huku akisahihisha daftari la mtoto, hakuinua kichwa mpaka nilipomaliza.

“Nilijua,” akasema. “Sikujua ya Magogoni, lakini nilikuona usoni. Mimi nimeshakusamehe zamani, la sivyo nisingeweza kusali. Lakini mimi ni mtu mzima, nilikuwa na kwangu pa kurudi. Nenda kwa watoto.”

Akanielekeza kwa wa kwanza, Rukia, aliyekuwa akiongoza darasa lile kwa hesabu. Yupo Feri, kwenye soko la samaki, anakaanga.

Nilimkuta mbele ya karai, amejifunga kanga kichwani kuzuia mafuta, anabishana na mteja aliyetaka kichwa cha samaki cha bure. Alikuwa akimwambia kaka huyo kwamba samaki hakuzaliwa bila kichwa, na bei ni ya samaki mzima. Aliponiona nimesimama akaniamkia shikamoo, akaniuliza babu nikupe yupi. Nikaitikia, nikajitambulisha. Nikamwambia mimi ndiye niliyetunga swali la lori.

Aliendelea kugeuza samaki.

“Jibu lilikuwa ngapi?” akauliza.

“Mimi nilitaka kumi na tatu. Lakini thelathini na saba pia ni sahihi. Swali ndilo lililokuwa bovu. Nililijua siku ileile.”

“Ulijua.”

“Nilijua.”

Aliwatoa samaki wote kwenye mafuta, hata ambao hawajaiva, akapunguza moto. Akanieleza bila kupandisha sauti. Alirudia la sita nusu mwaka tu. Shuleni walikuwa wakiitwa wezi, yeye na wenzake, hata na watoto wadogo. Baba yake alikuwa mchukuzi pale sokoni, mtu aliyejivunia kwamba hajawahi kudokoa hata kitunguu katika mizigo ya watu. Habari ya wizi wa mtihani ilipomfikia alimpiga, akamwambia shule ya wezi basi.

“Baba amekufa anajua nimeiba,” Rukia alisema.

Nikaanza kumwomba radhi. Akanikatisha.

“Mzee wangu, usiniombe mimi hapa. Mimi najua sikuiba. Mama yupo nyumbani. Twende ukamwambie yeye, kwa mdomo wako.”

Tulikwenda. Kwao ni Gerezani pia. Mama yake, Bi Tatu, alikuwa amekaa barazani anachambua mchele. Rukia alimwambia tu kwamba huyu mzee ana neno, kisha akasimama pembeni, mgongo ukutani. Nikamweleza mama yule kuhusu lori, kuhusu usiku wa Ijumaa, kuhusu ofisi na neno langu moja. Hakuhitaji kuelezwa mara mbili usiku wa Ijumaa ni upi. Alipoelewa aliacha kuchambua.

“Kwa hiyo mtoto alipokuwa analia anasema hakuiba, alikuwa anasema kweli?”

“Alikuwa anasema kweli.”

Hakunitazama tena mimi. Alimtazama bintiye.

“Na mimi ndiye niliyekushika mikono,” akamwambia, “baba yako akupige vizuri.”

Rukia akasema, “Najua, mama. Yameisha.” Lakini ungo wa mchele ulikuwa umeshamteleza mama yule mapajani.

Nilikuwa nimekwenda pale nikidhani napeleka haki, japo imechelewa. Niliacha mzee mwenzangu amejua kwamba alimshika mwanawe asiye na hatia apigwe. Hilo nalo sasa ni langu. Vijana watunzi wakija kwangu kuniuliza mambo ya kazi, huwaambia kwamba swali lenye utata si dhambi, sote tumetunga ya namna hiyo na tutaendelea kuyatunga, kwa sababu lugha ina watu wengi ndani yake na mtunzi ni mmoja. Ndiyo maana ipo siku ya kulifuta. Ole wake anayeiona siku hiyo imefika akaangalia ajira yake kwanza. Wananiitikia, ndiyo mwalimu. Sijui kama wanasikia.

Rukia alinisindikiza mpaka barabarani. Nilimwuliza kama nimefanya vibaya kuja. Akasema hajui, itabidi akalale na mama usiku ule. Kisha akaniambia wa pili ni Hamisi, anauza spea humu humu Gerezani, mtu mkali na hapendi hadithi ndefu, nisianze na maelezo ya hesabu. Nikamwuliza nianze na nini.

“Anza na ‘hukuiba’,” akasema, akarudi ndani.